Kopo la Kimea: Chimbuko la Bia ya Nyumbani Marekani

Jimmy Carter alipofariki Desemba 2024, hadithi moja ilisimuliwa upya: kwamba ndiye aliyewapa Wamarekani uhuru wa kupika bia majumbani, na kwamba bila saini yake ya tarehe 14 Oktoba 1978 viwanda vidogo vya bia visingezaliwa. Saini ipo, sheria ipo. Lakini hadithi hiyo inaanzia mwishoni. Wapishi walikuwapo zamani, na aliyewafundisha hakuwa rais wala seneta. Lilikuwa kopo la shira ya kimea, lililouzwa dukani pamoja na unga na sukari.

Yanayojulikana tuyapite upesi. Marufuku ya pombe ilianza Januari 1920, na Sheria ya Volstead ikahesabu kuwa kileo kinywaji chochote chenye alkoholi ya asilimia 0.5 au zaidi. Kifungu cha 29 kiliacha upenyo kwa maji ya matunda yanayotengenezwa nyumbani, hivyo wenye zabibu wakapumua. Bia haikupewa nafasi hiyo.

Viwanda vya bia, mitambo yao ikiwa imelala, vikageukia kimea. Msomaji aliyekulia Kilimanjaro anakijua: nafaka hulowekwa, huota, huanikwa, na wanga wake huwa tayari kugeuka sukari. Wachaga hutumia ulezi katika mbege. Wamarekani walitumia shayiri, wakatoa utamu wake kwa maji ya moto, wakauchemsha hadi ukawa shira nzito, wakaufunga koponi. Anheuser-Busch waliuza shira kwa jina la Budweiser. Kimea cha Blue Ribbon kilitangazwa redioni mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika kipindi cha mwanamuziki Ben Bernie. Shira hiyo iliuzwa kwa maelezo kwamba ni ya kuokea mikate na keki. Hata hivyo, makopo mengi yalikuwa yametiwa hopsi, ua linaloipa bia uchungu wake, na hakuna mwokaji atakaye mkate mchungu. Kila mnunuzi alielewa.

Kuna chanzo ambacho simulizi za bia hukiruka, nacho ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1930 katika kesi ya Danovitz dhidi ya Marekani. Serikali ilikuwa imekamata mapipa, chupa, vizibo, lebo na maboksi yaliyowekwa sokoni. Sheria ilikataza kuuza chombo au mchanganyiko wowote uliokusudiwa kutengenezea kileo. Upande wa mwenye mali ulishikilia kuwa kutia kinywaji chupani si kukitengeneza. Jaji Oliver Wendell Holmes aliikataa hoja hiyo: sheria ilikusudia kukomesha biashara nzima ya vileo, kwa hiyo neno “kutengeneza” lichukuliwe kwa upana wake. Mali ikataifishwa. Kwangu hukumu hii ina uzito kuliko hotuba zote za 1978, kwa sababu inaonyesha kwamba ndani ya miaka 10 ya marufuku kuuza vifaa tu kulikuwa biashara kubwa kiasi cha kuisumbua mahakama ya juu kabisa nchini.

Wapo wanaoifuta enzi hiyo kwa neno moja: bia yake ilikuwa mbaya. Mbaya ilikuwa, lakini waulizwe kwa nini. Kanuni ya kawaida ilikuwa kopo la ratili 3 za shira, sukari nyeupe, maji ya kutosha galoni 5, yaani lita 19 hivi, na hamira ya mkate. Sukari nyeupe huchacha yote bila kubakiza kitu, na bia hubaki nyembamba na kali. Hamira ya mkate iliteuliwa kwa ajili ya kuumua unga. Haitulii vizuri chini ya pipa, hivyo bia huwa na ukungu. Aliyekosa haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika, hakuweza kujua kama sukari imekwisha. Akiziba chupa mapema, gesi ilijaa na chupa zikapasuka usiku stoo. Hakuna hata dosari moja kati ya hizo iliyotokana na kopo. Zilitokana na sheria iliyomnyima mpishi hamira ya bia, vipimo na maelekezo ya wazi.

Marufuku iliondolewa Desemba 1933. Divai ya nyumbani ikahalalishwa, bia ikaachwa nje kwa miaka 45. Uingereza ilitangulia: mwaka 1963 waziri wa fedha Reginald Maudling alifuta leseni ya kupika nyumbani iliyokuwapo tangu 1880.

Marekani watu hawakungoja. Maltose Falcons, klabu ya Los Angeles, ilianza 1974, na ilianzia katika duka la vifaa vya kupikia. Ken Grossman alifungua duka la aina hiyo Chico mwaka 1976, kabla ya kuanzisha kiwanda cha bia cha Sierra Nevada. Mwaka huohuo Jack McAuliffe alianzisha kiwanda cha New Albion huko Sonoma. Yote hayo yalitangulia saini. Sheria yenyewe, kwa nyongeza ya Seneta Alan Cranston, iliondoa kodi ya galoni 100 kwa mtu mzima mmoja na 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Ruhusa kamili iliachiwa majimbo. Mississippi na Alabama zilikubali mwaka 2013 tu.

Kilichobadilisha ladha ni kuonjwa na wageni. Programu ya vyeti vya waamuzi wa bia, BJCP, ilianza 1985. Bia hutolewa bila jina la mpishi, nayo hupewa alama kati ya 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na 10 za jumla. Mwamuzi huandika sababu. Ladha ya siagi humwambia mpishi kwamba pengine aliitenga bia na hamira mapema. Harufu ya mahindi ya kuchemsha, kwamba huenda alichemsha kwa muda mfupi au alifunika sufuria. Programu hiyo iliasisiwa kwa ubia wa chama cha wapishi wa nyumbani, American Homebrewers Association, na chama cha wafanyabiashara wa vifaa vya kutengenezea divai na bia nyumbani. Wauza makopo walikuwa waasisi halali wa meza ya waamuzi, na hadi 1995 vyama hivyo viwili viliidhamini pamoja.