Orodha ya Majina

Naishi Donholm Phase 8, na mtaani kwetu siri haina maisha marefu. Caretaker anajua umeingia saa ngapi, mama mboga anajua mwezi umekubana. Kwenye kemisti unamweleza muuzaji shida yako kupitia kidirisha cha vyuma, na nyuma yako foleni imetega masikio. Ndiyo maana wengi huuliza: kama mtaa mzima utajua tu, daktari anafunga mdomo kwa faida ya nani?

Jibu liko kwenye historia, na wala si ya zamani sana.

Kiapo cha kutunza siri ya mgonjwa kilianza kwa Wagiriki wa kale. Mwaka 1948 Chama cha Madaktari Duniani kilikiandika upya mjini Geneva, na siri ikabaki ndani yake. Ila Kenya, kilichokipima kiapo hicho ni ukimwi. Mgonjwa wa kwanza alitambuliwa nchini mwaka 1984. Ilifika 1999 ndipo Rais Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa. Miaka hiyo yote watu walizikwa kwa kunong'onezana. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Mtu alikuwa na "kifua", ama "amepata mdudu". Katika hali hiyo, nani angekubali kupimwa? Majibu yakikutangulia nyumbani, ungeweza kupoteza kazi, nyumba na ndoa kwa wiki moja. Watu wakajificha, na virusi vikaendelea kusambaa.

Kwa hivyo siri haikuwekwa kumlinda mgonjwa peke yake. Iliwekwa pia ili watu wafike kliniki. Sheria ya ukimwi ya mwaka 2006 ilifuata mantiki hiyo: ilikataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi ama nafasi ya shule, na ikafanya kutoboa siri ya majibu yake kuwa kosa. Katiba ya 2010 ikaongeza haki ya faragha katika Kifungu cha 31.

Halafu ikaja Februari 2015. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye habari za watoto wa shule wanaoishi na virusi, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Fomu iliyotumika ilitaka majina. Nia ilitajwa kuwa nzuri: watoto wapate dawa. Mimi siipingi nia hiyo. Shida ni kwamba nia huondoka na aliyekuwa nayo, orodha ikabaki. Leo iko mikononi mwa mtu mwema, kesho iko kwa karani mwenye mdomo, ama kwa mwalimu ambaye mtoto wake anasoma darasa moja na mtoto wako.

Shirika la KELIN na wenzake walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 7 Desemba 2016, Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha na kupuuza maslahi ya mtoto. Serikali ikapewa siku 45 kubadilisha majina yaliyokusanywa kuwa namba za siri, ili yeyote atakayeishika orodha asiweze kumjua mtu.

Tangu hapo mambo yamehamia kwenye simu na kompyuta. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya yako kuwa data nyeti. Lakini sheria haisimami kwenye kaunta. Ukiulizwa shida yako kwa sauti mbele ya watu, unaweza kuomba kuongea kando. Ukiambiwa uandike jina na namba ya simu kwenye kitabu, uliza ni cha nini na nani hukisoma. Si kiburi. Ni haki iliyopiganiwa kortini na watu ambao wangeumia wakitajwa.

Mtoto aliyekuwa darasa la nne mwaka ule wa 2015 sasa ni mtu mzima. Pengine mnasoma naye chuo, pengine jana mlikaa kiti kimoja kwenye matatu ya Jogoo Road. Humjui, na huna haja ya kumjua, mpaka siku atakapoamua kukuambia mwenyewe.