Stesheni ya Tabora na Maneno Yake: Reli ya Kati katika Historia ya Msamiati wa Kiswahili

1. Utangulizi

Historia ya Reli ya Kati ya Tanzania huandikwa kwa kawaida kutokana na nyaraka za wale walioimiliki. Nyaraka hizo hutaja fedha zilizotumika, urefu wa njia, tani za mizigo na majina ya magavana. Ni ushahidi wenye thamani, lakini ni ushahidi wa upande mmoja. Waliobeba mataruma, waliokata tiketi, waliolala sakafuni wakingoja treni ya usiku na waliouza asali dirishani hawakuacha majalada. Waliacha maneno.

Mhadhara huu unaichukua stesheni moja, ile ya Tabora, na kuichunguza kwa njia mbili: kama jengo lenye huduma zake, na kama mahali ambapo Kiswahili kililazimika kukitaja kitu kigeni. Hoja inayojengwa ni kwamba msamiati wa stesheni hautuonyeshi nani aliimiliki reli, bali nani aliifanyia kazi na nani aliitumia. Hoja hiyo ina uzito kwa wakati huu, kwa kuwa reli nyingine inajengwa kuelekea mji huohuo, nayo inadai maneno yake.

2. Tabora kabla ya reli

Tabora haikuzaliwa na reli. Katika karne ya 19 eneo la Unyanyembe lilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka pwani, njia ilifika hapo na kugawanyika: moja ikaelekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Ziwa Nyanza na Buganda. Richard Burton na John Speke walifika mahali walipopaita Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Pembe za ndovu na watumwa walishuka kuelekea baharini. Nguo, shanga na bunduki zilipanda bara.

Mizigo hiyo ilibebwa mabegani na vichwani mwa watu, na Wanyamwezi walisifika kuliko wengi katika kazi hiyo. Aliyebeba mzigo wa msafara aliitwa mpagazi. Neno hilo lilikuwa la kazi, la ujira na hata la heshima, kwa maana kijana aliyewahi kufika pwani alirudi kwao akiwa mtu mwingine. Pamoja na misafara kilisafiri Kiswahili. Kwa hiyo, reli ilipofika, haikuleta Kiswahili Tabora. Ilikikuta kikiwa na msamiati kamili wa safari, mzigo, ujira na mapatano.

3. Kujengwa kwa reli na stesheni

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya utawala wa Wajerumani. Njia ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upana wake ulikuwa mita moja kati ya chuma na chuma. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni takriban kilomita 840, na hadi Kigoma ni takriban kilomita 1,250. Safari iliyowachukua watu miezi sasa ilihesabiwa kwa siku.

Athari ya kwanza ya badiliko hilo katika lugha ilikuwa kifo cha kazi, na kwa hiyo kudhoofika kwa neno. Mpagazi alikosa nafasi. Katika stesheni mtu anayebeba mizigo ya abiria akaitwa mchukuzi, au kuli, na mpagazi akabaki katika masimulizi na vitabu vya historia. Ni vyema kukumbuka kwamba mchukuzi na mpagazi hawakuwa mtu mmoja mwenye majina mawili. Mpagazi alivuka nchi na mzigo wake. Mchukuzi huvuka nao kutoka lango la stesheni hadi mlango wa behewa.

Jengo la stesheni ya Tabora ni la enzi hizo za Wajerumani, nalo lingali likitumika. Huduma zake zilikuwa za stesheni kubwa ya bara: dirisha la tiketi, mahali pa kungojea abiria, ofisi ya vifurushi, maghala ya mizigo, maji ya kujaza injini za mvuke, njia za kupishania treni, na karakana ya matengenezo.

Umuhimu wa Tabora uliongezeka mwaka 1928, tawi la kwenda Mwanza, lenye urefu wa takriban kilomita 380, lilipofunguliwa na Waingereza. Baadaye likajengwa tawi la Mpanda kutoka Kaliua, magharibi mwa Tabora. Tangu hapo Tabora ikawa mahali ambapo treni inayotoka Dar es Salaam huvunjwa: mabehewa ya Mwanza huondolewa upande mmoja, ya Kigoma na Mpanda upande mwingine, kisha kila kundi hupewa injini yake. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Abiria hushuka, hunawa uso, hununua chakula na asali, na huzungumza na watu asiowajua. Kwa mwanaisimu, saa hizo za kungoja si muda uliopotea. Msukuma, Muha, Mfipa, Mnyamwezi na Mzaramo wanapongoja pamoja, lugha inayowaunganisha hupata kazi.

4. Maneno yalitoka wapi?

Tukiyapanga maneno ya stesheni kwa asili zake, tunapata makundi matatu makubwa.

Kundi la kwanza ni la pwani na bahari. Nauli, neno lililopitia Kiarabu, lilikuwa malipo ya chombo cha baharini kabla ya kuwa malipo ya treni. Abiria alikuwa msafiri wa jahazi. Shehena ilikuwa mzigo wa chombo. Taruma, ambalo leo ni ule mhimili unaolazwa chini ya reli, lilikuwa neno la mafundi wa vyombo, likitaja mbao za kuimarisha chombo. Behewa lilikuwa neno la nyumba za mawe za pwani, likitaja ua au ukumbi wa ndani. Aliyelihamisha aliona chumba kirefu chenye watu na mizigo, akalitumia jina la chumba alichokijua. Hata vitenzi vilibaki vilevile: abiria wa treni hupanda na kushuka, kama abiria wa jahazi.

Kundi la pili limetoka upande wa Bara Hindi na Uajemi. Gari ni neno la Kihindi. Karakana asili yake ni Kiajemi, nalo lilizoeleka pia katika lugha za Bara Hindi. Si ajabu maneno haya kuwapo, kwa kuwa mafundi, makarani na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi walikuwa sehemu ya maisha ya miji ya pwani na ya reli. Gari la moshi ni jina lililoundwa kwa neno la mgeni na neno la mwenyeji: gari kutoka Bara Hindi, moshi wa Kibantu. Aliyeliunda hakuuliza mashine inaitwaje huko ilikotoka. Alitazama alichokiona.

Kundi la tatu ni la Kiingereza: stesheni, reli, tiketi, treni, injini, dereva. Hapa maumbo ya sauti yanatoa ushahidi. Neno la Kijerumani linaloandikwa kama la Kiingereza, Station, hutamkwa kwa sauti ya "sh" mwanzoni na irabu "a" katikati. Kama Kiswahili kingelipokea kutoka kwa Wajerumani, tungetarajia umbo kama *shtasioni. Umbo stesheni, lenye "s" mwanzoni na "e" katikati, linafuata matamshi ya Kiingereza. Wala Bahnhof, Zug, Schiene na Fahrkarte hazikuacha alama katika msamiati wa kawaida wa reli.

5. Ukimya wa Kijerumani

Hapa pana jambo linalohitaji maelezo. Wajerumani ndio waliojenga reli, ndio waliojenga stesheni, nao hawakushindwa kuacha maneno katika Kiswahili. Shule ni neno lao. Hela ni neno lao, kutokana na Heller, sarafu iliyoanzishwa mwaka 1904 kwa kima cha hela 100 kwa rupia moja. Kwa nini basi shule na hela, lakini si stesheni?

Sababu ya kwanza ni muda. Stesheni ya Tabora ilikuwa mikononi mwa Wajerumani kwa takriban miaka minne tu. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji tarehe 19 Septemba 1916, na baada ya vita reli ikaingia chini ya Waingereza. Sababu ya pili ni kwamba utawala wa Kijerumani ulikitumia Kiswahili chenyewe katika ngazi za chini za uendeshaji, na hivyo haukuwalazimisha wafanyakazi wengi kujifunza Kijerumani. Sababu ya tatu ni jirani: reli ya Mombasa hadi Ziwa Nyanza, iliyojengwa kuanzia mwaka 1896, ilikuwa imetangulia kuyaingiza maneno ya Kiingereza katika eneo hili.

Hata hivyo, sababu hizo peke yake hazitoshi, na hela ndiyo inayotufundisha zaidi. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na kukosa sarafu, walitengeneza fedha Tabora kwa vifaa vya karakana ya reli. Zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke, pamoja na sarafu za hela zenye herufi T, alama ya Tabora. Dhahabu ile leo imo mikononi mwa wakusanyaji wa sarafu. Neno hela limo vinywani mwa mamilioni ya watu ambao hawajawahi kuiona sarafu yenyewe.

Hela ilidumu kwa sababu ilipita mikononi mwa kila mtu: sokoni, katika kodi, katika mshahara. Shule ilidumu kwa sababu mtoto aliitaja nyumbani. Maneno ya Kijerumani ya reli yalibaki katika vitabu vya ofisi na midomo ya wakubwa wachache. Mmiliki aliweza kuandika jina ukutani, lakini hakuweza kumlazimisha mtumiaji kulibeba.

6. Stesheni kama uwanja wa lugha

Kuanzia miaka ya 1920 Tabora ilikuwa pia mji wa elimu. Shule ya serikali ilipokea wavulana kutoka sehemu nyingi za Tanganyika, akiwamo Julius Nyerere, aliyesoma hapo kuanzia mwaka 1937. Mafunzo ya kazi za reli nayo yalipata makao katika mji huo. Mwaka 1947 mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulisambaa bara kwa kufuata njia ya reli. Habari na madai yalipita stesheni kwa stesheni, na lugha iliyoyabeba ilikuwa Kiswahili. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake Tabora, mji uliofikika kwa reli kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Kigoma, na hapo ukafikiwa ule uamuzi wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu.

Haidaiwi hapa kwamba reli ndiyo iliyoleta umoja huo. Kinachodaiwa ni kwamba stesheni ilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo watu wa makabila mengi walikutana kila siku wakiwa na shida moja: kupata nafasi, kulinda mzigo na kujua treni itafika saa ngapi. Misemo kama daraja la pili kulala na daraja la pili kukaa ilizaliwa katika mazingira hayo. Ni fupi na haina utata, na yeyote anayesimama mbele ya dirisha la tiketi huielewa.

7. Reli mpya na maneno mapya

Reli ya kisasa, yenye upana wa mita 1.435 na inayotumia umeme, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo. Mikataba ya kuiendeleza hadi Tabora, na kutoka hapo kuelekea Isaka na Kigoma, ilitiwa saini kati ya mwaka 2021 na 2022. Tabora itakuwa tena njia panda, kama ilivyokuwa wakati wa misafara na mwaka 1928.

Treni hii haina moshi. Gari la moshi linaelekea kuwa neno la mashairi na vitabu vya watoto, na treni limechukua nafasi yake. Hata hivyo mazoea ya zamani hayajafa. Ilipofika seti ya treni yenye pua iliyochongoka, jina lake la kiufundi la Kiingereza halikuwashughulisha abiria. Waliiita mchongoko, na jina hilo likaingia hata katika matangazo ya usafiri. Aliyesema mchongoko amefanya kile kilekile alichofanya aliyesema gari la moshi: ametazama umbo, akalitaja.

8. Hitimisho

Yanafuata mambo mawili. Kwanza, waundaji wa istilahi wanapaswa kuanzia kwa watumiaji. Taruma na behewa hazikupendekezwa na kamati. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, reli ikiwa imekwisha kufika Kigoma na Mwanza. Kazi ya vyombo vya lugha ni kusikiliza, kuchuja na kusanifisha, na si kungoja orodha ya kigeni ili kuitafsiri.

Pili, msamiati wa kazi hufa pamoja na kazi yenyewe. Wapo wastaafu wa reli wanaojua majina ya kila chombo cha karakana, ya kila ishara ya bendera na taa, na ya kila kosa la kupanga mabehewa. Mengi ya maneno hayo ni ya mdomoni. Jengo la Tabora, hata likihifadhiwa vizuri, halitayahifadhi maneno hayo kwa niaba yetu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu na aanzie hapo, akiwa na daftari, wakati wenye maneno wangalipo.