Kihami

Mvua ikinyesha Mwiki, kule Ruiru, chini ya mabati yasiyo na dari hamsikilizani hata mkipiga kelele. Jua la mchana nalo hugeuza chumba tanuri. Ndege nyingi nazo ni bati, la alumini, na mita 10,000 juu baridi ya nje hufika nyuzi 50 chini ya sifuri. Abiria husinzia kwa sababu nyuma ya ukuta wa plastiki pamelazwa magodoro mepesi ya nyuzi za kioo, yenye hewa iliyotulia ndani. Kitu hicho kina jina: kihami, kutokana na kuhami, yaani kulinda. (Si kuhama!) Wanafizikia hulitumia kwa umeme, kwa joto na kelele linafaa vilevile. Fundi wa dari, lichukue.