Alama Ambayo Sifuri Ndiyo Ushindi

Neno "mshipa" limebebeshwa mengi. Kuna mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, hata mshipa wa ngiri. Ndiyo maana vitabu vya biolojia vikatohoa "ateri" kuitaja mishipa inayotoa damu moyoni. Kinachoiziba ateri ndicho kigumu kukipa jina. Wengi hukiita "utando", kama ule wa meno, lakini utando hutanda juu ya kitu, ilhali mafuta yanayoiziba ateri hujipenyeza ndani ya ukuta wake. "Mrundikano wa mafuta" ni jina refu, ila halipotoshi. Istilahi ya kitabibu iliazima neno la Kigiriki la uji, na kweli kiini cha mrundikano ni laini hivyo.

Miaka ikipita, sehemu ya uji huo huingiwa na kalsiamu, madini yaleyale yanayokaza mifupa. Hapo siti skani huweza kuuona. Mwaka 1990 Arthur Agatston, daktari wa moyo wa Florida, na wenzake walichapisha njia ya kuihesabu. Katika kipimo cha Hounsfield, kinachopima mng'ao kwenye siti skani, maji ni 0. Doa la ateri ya moyo likifika 130, huhesabiwa kuwa kalsiamu. Eneo la doa huzidishwa kwa 1 hadi 4 kulingana na mng'ao wake, kisha madoa yote hujumlishwa. Mgonjwa hachomwi sindano. Hubana pumzi kwa sekunde chache tu.

Jumla hiyo ndiyo alama ya kalsiamu. Aliyezoea alama za shuleni atashtuka: hapa sifuri ndiyo inayotamaniwa, na 400 ni habari mbaya. Jina "kiwango cha kalsiamu" lingepotosha zaidi, maana hicho hupimwa kwenye damu na ni jambo jingine kabisa.

Hata sifuri ina mipaka yake. Mafuta ambayo bado ni laini hayaingii katika hesabu, na alama haisemi njia ya damu imebana kiasi gani. Hilo ni la angiografia: dawa ya rangi huingizwa kwenye ateri za moyo kwa mrija mwembamba unaopitia mkononi au pajani, kazi inayofanyika pia katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Palipobana sana, daktari huweza kupazibua kwa njia hiyohiyo, bila kupasua kifua.