Mgeni Aliyelala Ndani ya Ini

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu wasomaji, leo nawaletea habari ya maradhi ambayo mgonjwa hayafichi, bali yenyewe hujificha ndani ya mgonjwa kwa miaka thelathini hata arobaini, mpaka siku anapowekewa dripu ya dawa ya saratani. Ni homa ya ini aina ya B. Na ajabu ya historia yake ni kwamba, tangu mwanzo, wagonjwa wa saratani ndio waliosaidia kuifichua.

Mwaka 1963 Baruch Blumberg, mtaalamu wa Kimarekani aliyekuwa akichunguza tofauti za damu za watu wa dunia, pamoja na mwenzake Harvey Alter, waliona damu ya mgonjwa aliyekwisha kuongezewa damu mara nyingi ikipambana na kitu kilichokuwamo katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Wakakiita antijeni ya Australia. Walipokitafuta kwingine, kwa Wamarekani wenye afya kilikuwa nadra, lakini kwa wagonjwa wa saratani ya damu kilionekana mara kwa mara. Makala yao ya mwaka 1965 ilikitangaza kama kitu kipya katika damu za wagonjwa hao, na ilidhaniwa huenda kina uhusiano na saratani yenyewe. Haikuwa hivyo. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha ilibainika kuwa ni sehemu ya virusi vya homa ya ini. Wagonjwa wale walikuwa wameongezewa damu za watu wengi, na kinga yao dhaifu haikuweza kuvifukuza virusi. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Mwaka mmoja kabla ya tuzo hiyo, mwaka 1975, madaktari wa Marekani walichapisha jambo lingine. Walifuatilia damu za wagonjwa wa saratani waliokuwa wakitibiwa, wakaona kwamba dawa zikitolewa, virusi vya zamani hupanda na kinga hushuka.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Virusi hivi vikishaingia katika seli za ini, huacha nakala yao ndani kabisa, kwenye kiini cha seli. Hata mtu akipona na damu yake ikaonekana safi, nakala ile huweza kubaki. Kinga ya mwili ndiyo askari anayeizuia isiamke. Dawa za saratani humlaza askari huyo. Virusi huzaliana kimyakimya, na mgonjwa hahisi lolote. Kisha kinga inaporudi, hukuta nyumba imejaa adui, hushambulia, na kinachobomoka ni nyumba yenyewe, yaani ini. Ndiyo maana macho huweza kugeuka manjano wiki au miezi baada ya dozi, wakati jamaa wamekwisha kushukuru kuwa hatari imepita.

Mwaka 1991 ilitoka taarifa ya Hong Kong juu ya wagonjwa 100 wa saratani ya tezi za limfu. Katika hao, 27 walikuwa na virusi, na kwa karibu nusu ya hao 27 virusi viliamka wakati wa matibabu. Mwaka 2003, huko huko Hong Kong, wagonjwa 30 wenye virusi waligawanywa makundi mawili. Kumi na watano walipewa lamivudini kabla ya kuanza dawa za saratani, na hakuna hata mmoja ambaye virusi vyake viliamka. Kumi na watano walingojewa mpaka dalili zionekane katika damu, na wanane viliwaamkia. Lamivudini si ngeni kwetu. Ni miongoni mwa dawa za UKIMWI. Leo zipo nyingine bora zaidi.

Lakini habari haikufika kila wodi. Dawa ya rituksimabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997, imeokoa wengi, ila huweza kuamsha virusi hata kwa mtu aliyehesabiwa kuwa amepona. Onyo zito zaidi juu ya hatari hiyo liliwekwa kwenye maelezo ya dawa hiyo mwaka 2013. Na ni mwaka 2020 ndipo chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilipopendekeza kila mgonjwa apimwe, bila kubagua, anapoanza dawa. Tangu 1975 hesabuni wenyewe: miaka 45.

Haya yanatuhusu vipi sisi? Mtoto mchanga akiambukizwa, mara tisa kati ya kumi virusi hubaki naye maishani. Mtu mzima ni nadra. Chanjo ya watoto ilianza kutolewa kwa wote Oman mwaka 1990, Kenya mwaka 2001, Tanzania mwaka 2002. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tulizaliwa kabla ya hapo. Tumebeba pasipoti mpya, lakini ini ni lile lile tulilotoka nalo nyumbani, na daktari wa hapa huenda asikumbuke kuuliza tulizaliwa wapi.

Basi tumwambie sisi. Wewe au mzazi wako akiambiwa aanze dawa za saratani, ulizeni: homa ya ini B imepimwa? Vipimo ni vitatu, na damu huchotwa mara moja: cha virusi vyenyewe, cha kinga, na kile kinachoonyesha kama mtu aliwahi kuambukizwa. Hicho cha mwisho ndicho humfichua mgeni aliyelala. Akipatikana, saratani bado hutibiwa, ila mgonjwa hupewa kinga ya vidonge au hufuatiliwa kwa karibu.

Najua wapo wanaojua hali zao na hawasemi, kwa kuogopa kutengwa. Homa hii haiambukizwi kwa kula sinia moja wala kwa kupeana mkono. Maradhi yakijificha yenyewe, mgonjwa hana lawama. Tukishayajua tukanyamaza mbele ya daktari, hapo ndipo wahenga walipotukusudia.