Hojaji Fupi na Uzito wa Neno Moja

Miongoni mwa kazi zinazowafikia wafasiri wetu ni hojaji za kupimia hali ya akili. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya hojaji mojawapo, ile ya hulka za kiskizotipia, ili ionekane jinsi kufupishwa kwake kulivyoongeza dhima ya mfasiri.

Istilahi yenyewe si kongwe. Sandor Rado aliitumia mwaka 1953, naye Paul Meehl akaiendeleza mwaka 1962. Yahusu mtu ambaye fikra, hisia na mwenendo wake vinakaribiana na dalili za skizofrenia, ingawa hana ugonjwa huo. Kwa sababu hiyo kuifasiri kwa neno "wazimu" ni kosa kubwa, maana ni kumwandika mtu asiyeugua katika daftari la wagonjwa. Hata neno "tabia" halitoshi, kwani wengi hulielewa kuwa mwenendo mwema au mbaya. Sisi tunapendelea "hulka".

Mwaka 1991 Adrian Raine alitoa hojaji ya maswali 74 ya kujibiwa ndiyo au hapana, kwa kufuata vigezo tisa vya mwongozo wa matabibu wa akili wa Marekani wa mwaka 1987. Maswali hayo yalikuwa mengi kwa kazi ya kupima watu wengi kwa muda mfupi. Mwaka 1995 Raine na Benishay wakayapunguza hadi 22: manane ya fikra na hisi, manane ya mahusiano na watu, na sita ya mvurugiko wa usemi na mwenendo. Mwaka 2010 Alex Cohen na wenzake wakatoa toleo la maswali 32, lenye majibu ya ngazi tano.

Sasa tutazame hesabu. Kundi la fikra na hisi lilikuwa na maswali 33, likabaki na manane. Maswali mawili yakipotoka katika 33, madhara ni madogo. Yakipotoka katika manane, robo ya kipimo imeharibika.

Tuchukue mfano wa mzee wa Misigiri, wilayani Iramba, aliyelelewa katika kuheshimu mizimu. Akiulizwa kama amewahi kuhisi uwepo wa asiyeonekana, huenda akajibu "ndiyo" bila kusita. Hapo ameeleza malezi yake, wala si hulka inayotafutwa. Vigezo vyenyewe vyataka imani iwe kinyume cha mazoea ya jamii ya mhusika. Lakini sharti hilo halina nafasi katika swali la mstari mmoja.

Je, mfasiri aliongeze kimyakimya? La. Hana budi kulieleza kwa mtafiti, kisha wakubaliane. Aidha, tafsiri irudishwe katika lugha ya awali na mtu mwingine, na ijaribiwe kwa wenyeji, pamoja na wale wanaofikiri kwanza kwa Kinyiramba.

Njia nyingine ni kutunga hapa hapa. Mwaka 2008 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha taarifa ya hojaji ya kienyeji ya Tanzania, yenye maswali 19, ya kutambua sonona. Hojaji fupi basi yawezekana. Ila kila neno linalobaki ndani yake hubeba mzigo wa yale yaliyoondolewa.