Mfuko Nyuma ya Mlango

Kaloleni ziko nyingi Kenya hii. Kuna ya Nairobi na kuna ya Kilifi. Yetu ni ya Kisumu, mtaa wa zamani wenye Waislamu wengi, ambapo Kiswahili na Kijaluo huchanganyika hata ndani ya salamu moja. Huko ndiko alikoishi Bibi yangu, na kila mwaka wa uchaguzi alitundika mfuko nyuma ya mlango wa chumba chake.

Ndani aliweka vitambulisho, vyeti vyetu vya kuzaliwa, leso mbili, tochi, dawa zake za presha, na noti chache alizozifunga kwenye kitambaa. Chini ya kitanda kulikuwa na unga, mchele, maharagwe, mafuta taa, chumvi na kiberiti. "Watu hukumbuka unga," alisema, "wakasahau chumvi na kiberiti." Mapipa mawili ya maji yalijazwa siku moja kabla ya kura.

Sisi vijana tulimcheka. Ati Bibi anangoja vita.

Hakuwa akingoja. Alikuwa akikumbuka. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo hadi leo watu huiita Russia. Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai, na mji ulikuwa na machungu. Kenyatta na Oginga Odinga wakarushiana maneno hadharani, umati ukachemka, na walinzi wa rais wakafyatua risasi. Serikali ilitaja maiti 11. Watu wa Kisumu hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku, naye akatiwa kizuizini.

Bibi alikuwa mke mchanga wakati huo. Alijifungia ndani na mtoto mchanga, na hakukuwa na kitu cha kupika. Mfuko ule na ile akiba ya chini ya kitanda vilianzia hapo.

Sasa tuje 2007. Tulipiga kura Alhamisi, tarehe 27 Desemba, wiki moja hivi baada ya Idi Kubwa. Jumapili jioni, tarehe 30, Samuel Kivuitu alimtangaza Mwai Kibaki mshindi, na kabla ya giza kuingia Kibaki alikuwa ameshaapishwa Ikulu. Matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni yakapigwa marufuku. Kisumu, moshi ulikuwa umeanza kupanda. Maduka ya Barabara ya Oginga Odinga yalivunjwa, mengine yakateketezwa.

Hapo ndipo tulipoona jinsi mji wetu ulivyoshikiliwa na uzi mmoja. Tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, vitu vingi vya Kisumu vimekuwa vikitoka upande wa mashariki, kupitia Nakuru. Barabara zikifungwa huko juu, unga unaisha huku chini. Petroli iliadimika. Kredo ya simu iliuzwa kwa bei ya juu kuliko iliyoandikwa kwenye kadi, ukibahatika kuipata. Tuliokuwa tukimcheka Bibi tulikula kutoka chini ya kitanda chake, na majirani wakala pia. Omena iliyokaushwa ilituokoa.

Lakini akiba haikuwa kinga. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Hapa Kisumu risasi za polisi ndizo zilizoua zaidi, na wengine walipigwa mgongoni. Tulilala sakafuni, mbali na dirisha. Hilo halikuwa kwenye orodha ya Bibi. Tulijifunza usiku huohuo.

Kwenye ploti yetu aliishi mama mmoja Mkikuyu, muuza nguo. Alikuwa na unga kama sisi, na maji kama sisi. Ila jina lake lilimwamulia. Alfajiri moja Bibi alimfunika buibui lake mwenyewe, akampitisha vichochoroni hadi kituo cha polisi, ambako wengi kama yeye walikuwa wamejazana. Alimwachia Bibi funguo. Bibi akazitia ndani ya ule mfuko.

Mwisho wa Januari mabasi yakaanza kuingia kutoka upande wa pili: Wajaluo waliofukuzwa Naivasha na Nakuru. Waliambiwa wanarudi nyumbani. Baadhi yao walikuwa wamezaliwa hukohuko Bonde la Ufa, na dala ya babu zao walikuwa wakiiona kwenye mazishi tu. Basi kukawa na Wakenya wanaokimbia kutoka nyumbani kwenda nyumbani, wakipishana njiani.

Nilimuuliza Bibi kwa nini sisi hatuondoki, ilhali mfuko uko tayari. Baba yake alikuwa Mnubi, mama yake Mjaluo aliyesilimu. Akanitazama kama niliyesema upuuzi. "Niende wapi, mjukuu wangu? Wenzetu wana ushago. Mimi kwetu ndio hapa."

Nimeufikiria mfuko ule sana. Anayejiandaa kwa siku ya mji kuvunjika huuliza anunue nini. Kisumu imenifundisha kwamba swali la kwanza ni nani atakufungulia mlango, na la pili ni wewe utamfungulia nani. Unga wa Bibi ulikwisha kwa wiki mbili. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Hizo wiki nyingine, ilikuwa ni watu kubishiana hodi.

Yule mama hakurudi kuishi. Alikuja siku moja mwezi wa Juni, akachukua cherehani yake, wakanywa chai na Bibi, wakalia kidogo. Funguo alimwachia.

Mwaka 2017, mabomu ya machozi yalipolia tena, Bibi hakuwepo. Mfuko niliutundika mimi. Nilipoufungua, funguo zilikuwa bado ndani, na sikuzitoa.